Gauni Lililokwenda Lubarika

Maisha yangu ya kazi niliyapitisha bandarini Kalundu, upande wa kusini wa Uvira, nikiangalia mizigo ya watu wengine. Magunia ya unga, mapipa ya mawese, ndagala, yaani dagaa, waliokaushwa, magodoro, baiskeli zilizoviringishwa matambara. Nilisimama karibu na ubao wa kupandia boti na kuhakikisha kwamba kilichoingia ndicho kilichopaswa kuingia. Tangu nikiwa kijana kulikuwa na jambo moja lililonishangaza. Karibu kila mzigo ambao watu waliulilia kwamba umepotea, baadaye ulisikika uko mahali, salama kabisa. Gunia la mtu wa mji wa Baraka lilionekana Kigoma, limekaliwa na mama anayeuza vitunguu. Godoro la bwana harusi lililaliwa na padri mgeni ambaye alidhani wakristo wamemwandalia. Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba mzigo haupotei, unamfuata mtu mwingine tu. Walinicheka na kuniita profesa wa magunia.

Jina hilo nililipenda kuliko nilivyoonyesha. Ndiyo sababu, siku nilipolazimika kusafirisha mizigo yangu mwenyewe kwa ndege ili kuwahi boti, sikumsikiliza mtu.

Ilikuwa wakati wa vita. Tulikuwa tumeikimbia Uvira, nyumba yetu ya mtaa wa Kilibula tukamwachia jirani, tukaenda kukaa Goma. Huko binti yetu wa kwanza alipata mchumba, mwalimu, kijana wa Baraka. Kijana alirudi kwao mapema kumtunza mama yake, ambaye miguu ilikuwa imemlegea na hakuweza safari yoyote. Kwa hiyo tulikubaliana ndoa ifungwe Baraka, na sisi tumfikishe binti. Lakini barabara kati ya Bukavu na Uvira ilikuwa imefungwa, watu walipigana kwenye milima juu ya Kamanyola. Njia iliyobaki ilikuwa ndege ndogo ya kutoka Goma, au ndeke kama tunavyosema kwetu, iliyotua Kiliba kwenye kiwanja cha majani karibu na mashamba ya miwa. Kutoka Kiliba ungeshuka hadi Kalundu na kupanda boti la Baraka.

Gauni la harusi mke wangu alilishona mwenyewe, kwa mashine ya kukanyaga aliyoazimwa na jirani. Mikono aliishona, akaifumua, akaishona tena. Nilipouliza kwa nini, alisema mkono wa gauni ndio watu wanaoutazama bibi harusi anapopokea pete. Sikuwa nimewahi kufikiria jambo hilo. Katika kila harusi niliyokwenda baadaye nimeangalia, na ni kweli.

Siku chache kabla ya safari tulianza kubishana.

"Gauni nitalibeba mkononi," alisema. "Nitalifunga ndani ya kitenge nilipakate kama mtoto."

"Mama," nilimjibu mke wangu, "kwa ndeke ndogo banapima hata mukoba. Batakunyang'anya kwa mulango. Tia gauni ndani ya bagaji. Minye najua mizigo."

"Weye unajua magunia. Gauni si gunia."

Alitaka pia tutangulie kwa ndege ya Jumatatu, tulale Kilibula kwa jirani, tupumzike, ndipo tuchukue boti la Alhamisi. Nilimwambia ndege ya Alhamisi asubuhi inatosha, boti haliondoki kabla ya alasiri, kwa nini tukamlemee jirani na watu wote hawa? Saa za boti nilizijua kama vidole vyangu. Saa za ndege sikuzijua, na sikujiuliza.

Ikabaki swali la kutambulisha mifuko. Wakati ule kila mtu alikuwa na mfuko uleule wa plastiki wenye miraba ya bluu na nyekundu na zipu juu. Ungeuona kichwani mwa kila aliyekimbia. Binti alitaka tuandike jina letu kwa wino mkubwa. Nilikataa, na kwa hilo sijutii sana. Siku zile jina la ukoo lilikuwa linasema unatoka mlima gani na mama yako alizungumza lugha gani, na kwenye vizuizi vya barabarani, barieri, walikuwepo waliosoma majina kwa nia mbaya. Nikatoa akili yangu ya bandarini. Kwetu jamaa wote wa harusi huvaa kitenge kimoja, na chetu kilikuwa cha kijani chenye vipepeo vya njano. Fundi alikuwa ametubakizia vipande. Nilichana vitambaa, nikafunga kimoja kwenye mpini wa kila mfuko, mafundo mawili mawili.

"Angalieni," niliwaambia. "Hata kukiwa na mifuko mia, yetu inaonekana."

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alitikisa kichwa kwa heshima. "Profesa," alisema.

Jambo ambalo sikuuliza ni kitenge kile kilitoka wapi. Tulikinunua kwa mfanyabiashara mmoja ambaye watu wa Uvira tulimwendea sote, kwa sababu alituzungumzisha kwa Kiswahili cha kwetu. Vita vilikuwa vimemwachia robota moja tu la kitenge msimu ule. Vipepeo vya njano aliwauzia wenye harusi, na vipepeo vilevile aliwauzia wenye kilio.

Ndani ya ndege tulikaa kwenye viti vya turubai, tukitazamana. Mbele yangu alikaa mama mzee aliyefunga kilemba cha bluu, rozari mkononi, macho amefumba tangu tulipoacha ardhi. Nilidhani anaogopa. Sikumsalimia. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama ningemsalimia tu, maana watu wa kwetu wakisalimiana hawaachi hadi wajue mwenzao anakwenda wapi na amebeba nini.

Kiliba ndege haikuzima hata mota. Mifuko ilirushwa kwenye majani, askari mmoja akapiga kelele, "Haraka! Ndeke inarudi! Kila muntu na kitu yake!" Niliingia kazini. Kila penye kitambaa cha kijani nilivuta, nikamkabidhi shemeji, nikahesabu. Hesabu yetu ilipotimia niliacha kutazama. Nyuma ya gurudumu ulikuwa umebaki mfuko mmoja wa miraba, na kwenye mpini wake vipepeo vya njano. Hilo nililijua baadaye.

Tulifika Kalundu boti likiwa bado linapakia. Wabebaji walinitambua, wakanipigia makelele ya furaha, mmoja akaniita profesa mbele ya binti yangu, nikatembea kwenye ule ubao kama mwenye boti. Tulipata nafasi nzuri nyuma, karibu na mota, penye kivuli. Mke wangu akasema atatoa gauni alining'inize kidogo, mikunjo ianguke. Akafungua zipu.

Alitoa kofia ya mwanamume. Halafu koti la kahawia, zito, lenye viraka vya ngozi kwenye viwiko. Halafu viatu vilivyosafishwa, kamba zake zimefungwa pamoja. Kila kitu kilikuwa kimefuliwa na kukunjwa kwa uangalifu mkubwa. Chini kabisa kulikuwa na kitenge, chetu kabisa, kijani na vipepeo.

Mke wangu alirudisha vitu kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtu.

"Hizi ni nguo za marehemu," alisema. "Kuna watu wanakwenda kuondoa kilio, kumaliza matanga. Wamechukua gauni letu."

Nilimtafuta mwenye boti nikamwomba angoje. Tulijuana miaka mingi.

"Muzee, ungelikuwa minye, ungelingoja?" aliniuliza.

Nilijua jibu. Miaka yote niliwaambia watu waliochelewa kwamba boti halingoji mzigo.

Binti yangu alinishika mkono wa shati. "Papa, acha. Nitaazima. Kule Baraka hakukosi mwanamke aliyewahi kuolewa."

"Mama yako ameshona miezi mingapi?"

"Papa, banaoa gauni ama bananioa minye? Kaa."

Kimya cha mke wangu nilikisikia vibaya. Nilidhani kinanidai gauni. Aliniambia miaka kadhaa baadaye kwamba alikuwa anaomba tu moyoni nikae chini. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu: leo nifike Kiliba, niulize, kesho nirudi, kesho kutwa Jumamosi asubuhi kuna boti dogo la ndagala linalokimbia, misa ni mchana. Nilichukua mfuko wa marehemu, nikarudi kwenye ubao, watu wakipanda mimi nikishuka. Nilipogeuka binti alikuwa amesimama, mkono wake bado umenyooka mbele kama nilivyouacha.

Kiliba nilimwuliza mlinzi wa kiwanja ni nani aliyechukua mfuko wa mwisho, naye alimkumbuka mama wa kilemba cha bluu. "Alipanda lori ya mchele. Alisema anaenda Lubarika."

"Alikuwa na huzuni?"

"Alikuwa na njaa. Tulimupa muhogo."

Nililala kwa mlinzi, na asubuhi nikapata lori la kupanda bonde la Ruzizi. Ningefika Lubarika Ijumaa ileile kama si barieri moja penye daraja, kabla ya Luberizi. Askari waliteremsha watu wote. Mmoja, kijana mwenye miwani ya jua iliyovunjika kioo kimoja, aligusa mfuko wangu kwa mguu.

"Muzee, ndani iko nini?"

"Nguo."

"Za nani?"

Nikafikiri. Ningesema ni za marehemu nisiyemjua jina, nawapelekea watu nisiowajua, kwenye kijiji nisichowahi kukaa? Hata mimi mwenyewe nisingeamini.

"Zangu," nikasema.

Akavuta koti. "Vaa."

Nilivaa. Mabegani lilinikaa vizuri. Lakini mikono iliishia mbali na viganja, mifupi kama ya mwanafunzi aliyekua wakati wa likizo. Askari akanizunguka polepole.

"Hii koti uliiba kwa mutoto?"

"Hapana, afande. Nilinunua nikiwa kijana."

"Kumbe mikono inaongezeka na uzee!" alisema, na wenzake wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Kisha wakaacha kucheka, wakaniambia nikae pale hadi mkubwa wao atakaporudi. Lori liliondoka. Nilikaa nimevaa lile koti, mchana wote na hadi asubuhi. Mfukoni niliingiza mkono, nikapata karatasi iliyokunjwa mara nyingi, na ndani yake mbegu za nyanya, zimekauka na kuwa nyepesi kama magamba. Nilizirudisha. Nilijiuliza sana kuhusu mtu huyo. Alikimbia mashamba akazibeba hadi Goma, mahali pa mawe meusi ambapo hakuwa na hata nafasi ya kuotesha mche mmoja. Alifikiri atarudi lini?

Mkubwa wao aliporudi Jumamosi asubuhi hakuniuliza kitu. Alitazama mikono ya koti, akatazama mfuko, akasema, "Pita."

Lubarika nilielekezwa kwa kilio bila kuuliza mara mbili. Uani kulikuwa na watu wengi wamekaa kwenye mikeka na viti, na wote, wanaume na wanawake, walivaa kijani chenye vipepeo vya njano. Nilisimama langoni. Kwa kitambo kidogo niliona harusi ya binti yangu.

Walikuwa wamekaa tangu alfajiri, hawawezi kuanza. Katekista alikuwa tayari, pombe ya ndizi ilikuwa tayari, lakini nguo za marehemu zilipaswa kukabidhiwa kwa mdogo wake mbele ya jamaa, na nguo hazikuwepo. Mama wa kilemba cha bluu, mjane, naye alikuwa amefunga kipande cha kitenge kwenye mpini wa mfuko wake, na juzi alipoufungua alikuta gauni jeupe. Baadhi ya jamaa walisema ni mkosi na litolewe nyumbani. Wifi yake alilitundika juu, mbali na moshi, akalifunika kitenge. Walikuwa wamemtuma mtu Kiliba kuwatafuta wenye gauni, tukapishana njiani, yeye akishuka mimi nikiwa nimekaa barieri.

Mjane aliupokea mfuko kwa mikono miwili. Akatoa koti, akalitazama.

"Nani amekunja koti hii?" aliuliza. "Si minye."

Wote wakanitazama. Nilimweleza yote, barieri, uongo wangu, na kwamba nililala nimelivaa. Watu wakaanza kunong'ona kwa Kirundi. Nilisubiri nitukanwe.

"Ilikukaa?" mjane aliuliza.

"Mabega ndiyo. Mikono ilikuwa mifupi."

"Kwake pia ilikuwa mifupi," alisema. "Nilimwambia siku aliyoinunua. Alisema inamwachia mikono huru ya kulima." Akacheka, akafunika mdomo kwa rozari, na wifi yake akacheka, na kicheko kikazunguka ua mzima kabla ya kugeuka kilio.

Niliomba gauni langu niondoke. Mdogo wa marehemu alinionyesha barabara tupu. Hakuna gari ambalo lingeshuka kabla ya Jumapili, na habari zilikuwa zimefika kwamba wakubwa wa jeshi wamefunga ziwa, hakuna boti linaloondoka Kalundu. Nilikaa. Shati langu lilikuwa limechafuka, likiwa na jasho la njia yote, na mke wangu alikuwa ameweka shati langu la harusi, la kitenge kilekile, ndani ya mfuko wa gauni, kwa kuwa lilikuwa zuri kuliko vitu vyangu vyote.

"Vaa hiyo," mjane alisema. "Hapa sote tumevaa hiyo."

Nikavaa. Mzee mmoja kiziwi aliniuliza mimi ni wa upande gani wa ukoo, na alipokosa kusikia jibu langu akanipa kiti cha mbele. Katekista alisali. Mdogo wa marehemu alivalishwa koti, naye lilimtosha hadi viganjani. Walinipa bugali na ndagala na kikombe cha pombe. Jua lilikuwa juu ya paa. Kule Baraka ilikuwa saa ya misa, na mimi nilikuwa nimeketi mbele, nimevaa shati la baba wa bibi harusi, nikiwasaidia watu nisiowajua kumaliza kilio chao.

Ziwa lilifunguliwa wiki iliyofuata. Nilifika Baraka na gauni likiwa halina hata doa.

Binti yangu alinipokea vizuri mno, kama mgeni. Aliniletea maji ya kunawa, akauliza habari za safari, akaweka mfuko katikati yetu. Mke wangu ndiye aliyenieleza mengine. Binti alivaa gauni la mke wa katekista wa pale, pana, limebanwa kwa pini mgongoni. Mlangoni mwa kanisa alikataa kuingia. "Papa anakuja," aliwaambia, "anajua saa za maboti." Padri alitoka mara mbili kumwita. Mwishoni mjomba wake alimshika mkono na kumpeleka.

Alifungua mfuko mbele yangu, akalitazama gauni, akapitisha kidole kwenye mikono ambayo mama yake aliifumua na kuishona tena.

"Gauni limefika," alisema. "Weye ndiye ulipotea, Papa."

Nilikuwa nimeandaa maelezo njia nzima, ya barieri na ziwa kufungwa, na yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililobadilisha kwamba aliniambia kaa, nami nikashuka.

Alilikunja gauni, kisha akauliza, "Jumamosi, wakati wa misa, ulikuwa wapi?"

Nikamwambia. Aliuliza waliovaa kitenge chetu walikuwa wangapi, na yule kiziwi alikuwa nani, na kama pombe ilikuwa nzuri. Akaniuliza kuhusu koti. Nilinyoosha mikono kumwonyesha ilipoishia. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akachukua gauni akaingia nalo ndani.

Hakulivaa kamwe. Mdogo wake aliolewa nalo miaka mingi baadaye, Baraka vilevile, tukitokea Uvira. Safari hiyo tulitangulia karibu wiki nzima, na mke wangu alilipakata gauni tangu Kilibula hadi ufukweni kwa wakwe. Kwenye boti nilikaa katikati, binti mkubwa upande mmoja na mdogo upande mwingine. Sikupewa mfuko wala kitambaa cha kufunga. Nilipewa kazi moja tu, kufika.